Kwanza Fremu Ikukubali: Kuchagua na Kurekebisha Baiskeli ya Matairi Matatu ya Kuegemea

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na marafiki, habari zenu. Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za baiskeli. Mada niliyopewa ni namna ya kuchagua na kurekebisha baiskeli ya matairi matatu ya kuegemea, ile ambayo mwendeshaji hukaa kama aliye kwenye kiti cha sebuleni, mgongo umeegemea, miguu imetangulia, na pedeli ziko mbele yake badala ya kuwa chini yake. Nimeombwa pia nimfikirie mtu mzima ambaye fedha yake ni ya kuhesabu. Nitazungumza kama fundi, maana kazi yangu ya kila siku ni kuzifungua baiskeli hizi, kuzifunga, na kuwakalisha watu juu yake.

Najua wengi mlioko hapa mmekwisha kuambiwa kwamba baiskeli basi. Mmoja kaambiwa kwa sababu ya goti, mwingine na watoto wake baada ya kuanguka, mwingine kajiambia mwenyewe baada ya kiharusi kuudhoofisha upande mmoja wa mwili. Mimi nasema kilichokwisha ni kusimamisha matairi mawili. Watu wengi hushindwa na kazi ya kulinda mizani, wala si kazi ya kuzungusha pedeli, na matairi matatu yanakuondolea kabisa kazi hiyo ya kwanza. Unaweza kwenda taratibu kuliko mtu anayetembea. Unaweza kusimama katikati ya mlima, ukapumua, ukaendelea, na mguu haujagusa ardhi.

Na asije mtu akawaambia kuwa hiki ni kitu cha watoto. Katika karne ya 17, huko Ujerumani, fundi saa aliyeitwa Stephan Farffler, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza, alijitengenezea kigari cha magurudumu matatu alichokiendesha kwa kuzungusha kwa mikono. Baiskeli ya matairi mawili ingechelewa zaidi ya karne moja kuzaliwa. Kwa hiyo mtu mzima mwenye ulemavu ndiye aliyetangulia barabarani. Hata kule kuegemea si udhaifu. Mwaka 1933, Mfaransa Francis Faure, akiwa amelala chali juu ya baiskeli ya matairi mawili iliyobuniwa na Charles Mochet, alivunja rekodi ya saa moja kwa kwenda kilomita 45 na kidogo. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, likaziondoa baiskeli za namna hiyo katika mashindano yake. Ukijiuliza kwa nini huzioni kila kona, sehemu kubwa ya jibu ni uamuzi ule. Viwanda vikubwa vilifuata mashindano, na baiskeli za kuegemea zikabaki mikononi mwa mafundi wachache waliozipenda.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Ninachotaka mshike leo ni hiki: katika baiskeli hii kuna vitu ambavyo ukishanunua huwezi kuvibadilisha, na kuna vitu utakavyobadilisha kwa spana mbili na subira. Fedha yako ndogo iende kwenye vile visivyobadilika. Nimewaona watu wakinunua baiskeli kwa sababu ina gia nyingi, taa nzuri na begi la nyuma, kisha wanagundua hawawezi kuinuka kwenye kiti chake. Gia zinanunuliwa, taa zinanunuliwa, begi linashonwa. Kimo cha kiti kimeamuliwa na fremu, na fremu haisikii maombi.

Basi anza na kimo. Kabla hujaenda kutazama baiskeli yoyote, tafuta nyumbani kigoda, kisha sanduku la chini kuliko kigoda. Kaa, inuka bila kushikwa mkono. Rudia ukiwa umechoka, jioni, maana asubuhi kila mtu ni kijana. Kimo cha chini kabisa unachoweza kuinuka nacho bila kutafuta pa kushika, kipime kwa futi kamba na ukiandike. Namba hiyo ni muhimu kuliko chochote utakachosoma kwenye tangazo. Baiskeli za kwenda kasi huweka kiti sentimita 20 hivi kutoka ardhini, na zile za utulivu hufika 40 na zaidi. Kama namba yako ni 40, basi zile za chini achana nazo, hata ziwe za bei ya kutupa.

La pili ni umbo. Ziko zenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma, na ziko zenye moja mbele na mawili nyuma. Ya kwanza hukaa chini, hushika barabara vizuri kwenye kona, na breki zake mbili ziko mbele ambako uzito mwingi upo. Ila kuipanda kunahitaji ujuzi kidogo: unaingia kwa mbele, unasimama katikati ya magurudumu mawili ukiwa umekipa kiti mgongo, bomba kuu likiwa kati ya miguu yako, kisha unashuka taratibu mpaka ukae. Mwenye nyonga ngumu au kizunguzungu anaweza kupata shida hapo. Ya pili unaiingia kwa ubavuni, unakaa kama unavyokaa kitini, kisha unaleta miguu mbele. Kiti chake kwa kawaida ni cha juu zaidi. Kwa mzee aliyebadilishwa nyonga mara nyingi naanza na hii ya pili, na sioni haya kusema hivyo mbele ya vijana wanaoiona si ya michezo.

Lakini kimo kina gharama yake. Baiskeli ya matairi matatu hailali kwenye kona kama ya matairi mawili, inabaki wima, na mwili wako ndio unaosukumwa nje. Kadiri unavyokaa juu, ndivyo tairi la ndani linavyopenda kunyanyuka ukikata kona kwa kasi. Ndiyo maana nawatahadharisha na ile baiskeli ya matairi matatu ya kukaa wima, yenye kapu kubwa nyuma, ambayo huuzwa kwa bei ndogo na kuonekana salama. Kwa mwendo wa kutembea ni salama. Ukiteremka nayo mteremko kisha ukakata kona, mwili uko juu sana na inaweza kukupindua. Kwenye ile ya kuegemea, punguza mwendo kabla ya kona na egemeza kifua upande wa ndani. Hayo mawili yanatosha kwa mwendo wa kawaida.

Mambo mengine yasiyobadilika nitayapitia haraka. Upana: nyingi zina sentimita 75 hadi 85 kutoka tairi hadi tairi, kwa hiyo pima mlango wako, na upime pale penye bawaba, si fremu ya mlango tupu. Uzito wa mwendeshaji: kila fremu ina kiwango chake, na ukinunua iliyo chini ya uzito wako utavunja spoki kwanza, kisha fremu. Uzito wa baiskeli yenyewe: kati ya kilo 15 na 22 mara nyingi, na za bei nafuu ziko karibu na kile kikomo cha juu. Hilo lisikutishe kama hutaibeba ngazini. Kukunjika: ni kuzuri kama utaisafirisha ndani ya gari, na kunaongeza bei, basi kama una banda lenye mlango mpana usilipie mkunjo.

Zile zenye magurudumu mawili nyuma, muulize muuzaji ni gurudumu lipi linalosukuma. Katika nyingi za bei nafuu ni moja tu, jingine linafuata. Kwenye lami hutaona tofauti kubwa. Kwenye mchanga au nyasi zenye unyevu, gurudumu hilo moja likikosa mshiko umekwama. Nayo yenye gurudumu moja nyuma ina tabia hiyo hiyo kwenye mlima mkali wenye kokoto, kwa sababu uzito mwingi umeelemea mbele.

Fremu za chuma nazipenda kwa mwenye mfuko mdogo. Chuma kikipasuka, fundi mwenye kujua kuchomelea anakirudisha. Alumini ni nyepesi, lakini joto la kuchomelea hudhoofisha eneo linalozunguka kiungo mpaka fremu ishughulikiwe tena kwa joto kiwandani, kwa hiyo usimruhusu mtu akuongezee bomba au kishikio kwa kukichomelea kwenye fremu ya alumini. Vishikio vifungwe kwa bolti na klampu.

Wengi wenu mtanunua iliyotumika, na mnafanya vizuri. Baiskeli hizi aghalabu hununuliwa kwa hamu, zikakaa ghalani. Ila kagueni. Chuchumaa mbele, shika gurudumu la mbele juu na chini, litikise kuingia na kutoka. Likicheza, ni beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, au ni ile ekseli ya usukani inayosimamisha gurudumu. Beringi si tatizo. Ekseli iliyolegea na kuchimba fremu ni tatizo. Pitisha kidole penye kiungo kati ya bomba la msalaba, lile linaloshika magurudumu mawili, na bomba kuu. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu ndani yake si rangi tu, ni chuma kilichofunguka. Hapo ondoka.

Halafu tazama matairi ya mbele kwa ubavu. Yakiwa yameliwa upande mmoja, au yana vinyweleo vya mpira vinavyoinuka ukipitisha kiganja, magurudumu hayaelekei sambamba. Jambo hili linawatisha watu, na ni dogo. Unapima kwa futi kamba, kwenye kimo cha ekseli, kutoka rimu hadi rimu upande wa mbele, kisha upande wa nyuma wa magurudumu hayo hayo. Vipimo viwe sawa, au cha mbele kipungue milimita moja au mbili. Visipokuwa hivyo, unalegeza nati kwenye fimbo inayounganisha magurudumu mawili, unaizungusha nusu mzunguko, unapima tena. Huhitaji kununua kitu chochote. Na faida yake ni kubwa: baiskeli inakuwa nyepesi ghafla, na matairi yanadumu. Kwa hiyo matairi yaliyoliwa ubavu mmoja hayanizuii kununua, yananipa tu sababu ya kuomba punguzo.

Soma pia namba kwenye ubavu wa tairi. Magurudumu ya inchi 20 yako ya aina zaidi ya moja. Yenye namba 406 hutumika kwenye baiskeli nyingi ndogo na tairi zake zinapatikana kirahisi. Yenye 451 ni membamba, na kupata tairi ni kazi. Mwenye fedha ya kuhesabu atafute 406. Na habu za mbele za baiskeli hizi si za kawaida, maana gurudumu limeshikwa upande mmoja tu, ekseli ni nene. Zikiharibika huwezi kuweka habu ya baiskeli yoyote. Muulize muuzaji vipuri vyake hutoka wapi, na kama hana jibu, bei ishuke. Kushikwa upande mmoja kuna raha yake pia: ukipata pancha mbele, unatoa tairi na tyubu, unaziba kiraka na kurudisha, bila kuling'oa gurudumu lenyewe.

Haya, umeipata fremu inayokukubali. Sasa tuanze kuibadilisha.

Cha kwanza ni urefu wa bomba la mbele linaloshika pedeli. Kaa, mgongo ugande kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo mbali kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuteleza mbele. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Likikunjika sana utaumwa mbele ya goti, likinyooka kabisa utaumwa nyuma yake. Kama baiskeli itatumiwa na mume na mke wenye miguu ya urefu tofauti, jueni kwamba katika nyingi kusogeza bomba hilo kunabadilisha pia urefu wa cheni unaohitajika, na cheni yenyewe ni ndefu mara mbili na nusu au zaidi kuliko ya baiskeli ya kawaida. Ziko aina chache ambazo kiti ndicho kinachosogea, cheni haiguswi. Kwa nyumba ya watu wawili, aina hizo zinastahili kuongezewa fedha kidogo.

Cha pili ni urefu wa mikono ya pedeli, vile vyuma viwili vinavyobeba pedeli. Baiskeli nyingi huja na milimita 170. Goti lisilopenda kukunjika litafurahia 150, hata pungufu ya hapo, kwa sababu duara linalochorwa na mguu linakuwa dogo. Ni badiliko la bei ya wastani na kwa mwenye magoti mabovu halina mfano. Ukifupisha kwa milimita 20, kumbuka kulisogeza bomba la mbele mbali kwa milimita hizo hizo 20, la sivyo umetibu goti upande mmoja na kuliumiza upande wa pili.

Sasa nisikilizeni vizuri zaidi, maana nakuja kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye baiskeli ya kawaida mguu ukiteleza unaning'inia, unaurudisha. Kwenye ya kuegemea, hasa yenye magurudumu mawili mbele, mguu ukitoka kwenye pedeli unaangukia chini, kisigino kinagusa barabara, na baiskeli bado inakwenda mbele. Ardhi inaushika unyayo, baiskeli inaupita juu, mguu unavutwa nyuma chini ya bomba la msalaba. Hapo mfupa huvunjika. Haihitaji mwendo mkubwa. Mtu mwenye ganzi ya miguu kwa sababu ya kisukari, au mwenye mguu uliolegezwa na kiharusi, huenda hata asihisi kwamba unyayo umeteleza. Kwa hiyo mimi simruhusu mtu atoke kwenye karakana bila miguu yake kushikwa. Wenye nguvu wanaweza kutumia viatu vinavyojifunga kwenye pedeli. Kwa wengine ziko pedeli zenye kikombe cha kisigino na mkanda wa velkro juu ya unyayo, na kwa mguu usio na nguvu kabisa huongezwa kishikio kinachofika kwenye shavu la mguu, ili goti lisiangukie nje. Asiye na uwezo wa kununua, mkanda imara wa nailoni ukitoka upande mmoja wa pedeli, ukapita nyuma ya kisigino na kurudi upande wa pili, unazuia unyayo usidondoke. Ushonwe kwa uzi mnene, usifungwe fundo. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu, kiwe hiki. Taa nzuri na kioo vitasubiri, na wewe utasubiri navyo nyumbani mpaka vipatikane.

Gia sasa. Kwenye baiskeli ya kawaida mlima ukikuzidi unasimama juu ya pedeli na kuzikandamiza kwa uzito wa mwili mzima. Ukiwa umeegemea huwezi. Miguu inabaki peke yake, na ukiilazimisha kusukuma gia ngumu, magoti yatalipa. Dawa yake ni gia nyepesi sana, nyepesi kuliko ambavyo muuzaji wa baiskeli za kawaida atakushauri. Nitawapa hesabu. Chukua sproketi ya mbele yenye meno 30 na ya nyuma yenye meno 34. Ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma la inchi 26 litakusogeza mita 1.8 hivi. Gurudumu la inchi 20, kwa meno yale yale, litakusogeza mita 1.3. Ukizungusha mara 60 kwa dakika kwa gia hiyo ya pili, unakwenda kilomita 4.7 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye matairi mawili mwendo huo mlimani ungekuyumbisha. Hapa unapanda umetulia, unazungumza.

Kwa hiyo gurudumu dogo la nyuma, ambalo wengine hulidharau, kwa mtu wa milima ni zawadi. Na kama umekwisha kununua yenye gia ngumu, usikimbilie kubadilisha mfumo mzima. Badilisha sproketi ya mbele peke yake, kutoka meno 42 kwenda 32 kwa mfano, upunguze vipande vichache vya cheni. Utapoteza kasi ya mteremkoni. Mteremkoni huhitaji kupiga pedeli hata hivyo.

Breki. Kwenye yenye magurudumu mawili mbele, kila mkono hushika breki ya gurudumu lake, na ukivuta moja zaidi baiskeli inavutika upande huo. Kwa aliyebaki na mkono mmoja wenye nguvu, kiko kishikio kimoja kinachovuta waya mbili kwa pamoja. Kinapatikana kwa bei inayovumilika, na kinarudisha watu barabarani. Vibadilishia gia navyo huhamishiwa upande ule ule. Breki za ngoma, zile zilizofungiwa ndani ya habu, hazina nguvu za haraka kama za diski, lakini hazijali maji wala vumbi na hazidai marekebisho ya mara kwa mara. Kwa mwendeshaji wa taratibu asiyependa kushika spana, mimi huchagua ngoma.

Na breki ya kuegesha isisahaulike. Baiskeli ya matairi matatu haianguki, lakini inakimbia. Ukikaa juu yake bila kuifunga, inaweza kurudi nyuma wakati umeshuka nusu, hewani. Kama haina kifungio chake, mkanda mdogo wa velkro ukizungushwa kwenye kishikio cha breki kilichobanwa unafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo kabisa. Ufunge kabla ya kupanda na kabla ya kushuka, kila siku.

Kwenye kiti sina mengi. Kiti cha wavu hupitisha hewa na hulegea kwa miaka, basi kaza mikanda yake ya nyuma kabla hujalaumu mgongo wako. Kiti kigumu kinataka sponji inayopitisha hewa. Ukihisi ganzi kwenye vidole vya miguu, mara nyingi sababu ni pedeli kuwa juu sana ukilinganisha na kiti au viatu kubana, kwa hiyo simamisha mgongo wa kiti kidogo kama unarekebishika na legeza kamba za viatu. Wenye shida ya kuinuka, fungeni vishikio viwili vya wima kwa klampu pembeni mwa kiti. Fimbo ya kutembelea pia ipate kibanio chake kwenye fremu. Mtu akifika aendako na fimbo imebaki nyumbani, safari imemfikisha mlangoni tu.

Mnaulizana kuhusu magari, nawasikia. Ndiyo, unakaa chini. Lakini umbo lako si la kawaida na upana wako unamfanya dereva akupe nafasi, mradi akuone. Bendera ndefu yenye rangi kali inayopepea juu ya kichwa, taa ya nyuma inayomweka hata mchana, na vioo viwili, kulia na kushoto, kwa sababu ukiwa umeegemea kugeuza shingo ni kazi. Ukifika kwenye makutano, tumia macho ya dereva kama ushahidi. Kama hujayaona macho yake, yeye hajakuona.

Mwisho ni mota ya umeme, na nimeiweka mwisho kwa makusudi. Inasaidia sana, sina ubishi nayo. Ila iweke baada ya kuendesha bila mota kwa muda wa kutosha kujua miguu yako inashindwa wapi. Wako wengi walioona kwamba sproketi ndogo ya mbele imemaliza tatizo walilotaka kulitatua kwa betri. Ukihitaji kweli, mota ya ndani ya habu kwenye gurudumu la inchi 20 hupanda vizuri kuliko mota ile ile kwenye gurudumu kubwa. Mota inayokaa penye pedeli hutumia gia zako zote na inafaa zaidi kwa milima mirefu, lakini hula cheni na sproketi haraka. Betri ikae chini, nyuma ya kiti, isipandishwe juu ya kapu. Angalia pia sheria za unakoishi: katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, baiskeli yenye msaada wa umeme inayohesabiwa kuwa baiskeli haizidi wati 250, na msaada hukatika kwenye kilomita 25 kwa saa. Kabla ya kufunga mota, breki ziwe nzima.

Nje kuna baiskeli mbili, moja ya kila umbo, na bomba la mbele la zote mbili linarekebishika. Atakayetaka kukaa aje na viatu anavyovaa kila siku, si vile vya leo vya mkutanoni. Mwenye fimbo aje nayo. Tutafunga breki kwanza, utakaa, tutapima mguu wako, nami nitakuandikia kwenye karatasi kimo cha kiti na urefu wa mikono ya pedeli unaokufaa, ili hata ukienda kununua kwa mtu mwingine uwe na namba zako mkononi. Maswali tutayajibu huko huko, tukiwa na spana. Asanteni sana, karibuni.